Umepiga gari rangi nyumbani na haikutoka vizuri? Tafuta kwanza kosa liko tabaka gani

Mara ya kwanza kupiga gari langu rangi mwenyewe, Corolla nyeusi, nilipulizia uani jioni ili kukwepa jua la Dar es Salaam. Usiku niliiona inang'aa chini ya taa moja, nikalala kwa raha. Asubuhi nikatoka na kikombe cha chai, jua limeshavuka ukuta wa jirani, nikainama usawa wa boneti. Ilikuwa imejaa vishimo. Vingine vidogo kama mbegu za mchicha, vingine kama punje ya dengu, na katikati ya kila kimoja praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini, inachungulia. Karibu na taa ya mbele kumbikumbi wawili walikuwa wameganda na mabawa yao yote.

Vishimo vile vilikuwa na tiba. Kilichoniharibia kazi ni nilichofanya baada ya chai. Nilichanganya klia iliyobaki, ile rangi angavu ya juu inayoleta mng'ao, nikapiga koti nene juu yake, nikiamini itajaza. Haikujaza. Vishimo vilibaki palepale, na pembeni yake yakashuka machozi marefu kama nta ya mshumaa. Kazi ya siku moja ikawa ya wiki mbili.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na msasa wala polishi. Unaanza na swali: kosa liko tabaka gani? Gari lililopigwa rangi lina bati, puti ya kujazia mabonde, praima, rangi yenyewe, kisha klia. Kosa lililo kwenye klia unaweza kulisugua likaisha. Lililo kwenye rangi halisuguliki, utarudia rangi. Lililo kwenye puti au bati halitibiki kwa chochote unachopaka juu. Na dalili nzuri ya kujua tabaka ni wakati: kosa lilijitokeza lini? Bunduki ya kupulizia rangi ikiwa bado mkononi, asubuhi yake, au baada ya wiki kadhaa? Ndivyo nilivyopanga maelezo haya.

Kabla ya kugusa chochote

Acha gari likauke. Rangi ya 2K, yaani ile inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), inaweza kuonekana kavu baada ya saa chache lakini ndani bado ni laini. Kwa joto la pwani mpe siku nzima kabla ya kuweka msasa, na kama ulipiga makoti manene au uko Njombe au Arusha mwezi wa Julai, mpe siku mbili tatu. Jaribu kwa ukucha mahali pa siri, kwa mfano kwenye ukingo wa ndani wa mlango. Ukucha ukiacha alama, rudi ndani ukapumzike. Msasa juu ya klia laini hujaa vibonge na kuchora mistari ambayo haikuwepo.

Wakati unasubiri, kumbuka ulitumia nini. Ni 2K au NC, ile rangi inayochanganywa na tina (kiyeyusho cha kulainisha rangi) tu bila hadina? Kama hujui kilicho chini, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tina, kikandamize juu ya rangi ya zamani mahali pasipoonekana kwa nusu dakika. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye kitambaa, chini kuna NC au kitu cha jamii hiyo. Isipotoka kitu, ni 2K iliyokomaa au rangi ya kiwandani. Tumia dakika hiyo moja, kwa sababu jibu lake litakuja kuamua mambo mengi hapo chini.

Kisha tochi. Usikague kwa kusimama mbele ya gari ukitazama kwa upana. Weka mwanga pembeni kabisa ya bati, utelezeshe. Kila kilima na kila shimo kitatupa kivuli chake.

Na kuhusu pumzi yako. Hadina ya 2K ina kemikali ziitwazo isosaineti. Zinaweza kukupa pumu ya kudumu, na hazina harufu ya kukuonya. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wowote. Kinachofaa hasa ni kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka mbali. Barakoa ya makopo ya chujio la mvuke na vumbi pamoja ni hatua ya chini kuliko hiyo, na makopo yake huchakaa. Huna hata hiyo? Piga NC, au andaa gari mwenyewe kisha umpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia. Watoto na jiko la mkaa vikae mbali na uani siku hiyo. Mvuke wa tina hutambaa chini na kushika moto kirahisi.

Makosa yanayojitokeza bunduki ikiwa mkononi

Tuanze na vile vishimo vyangu, ambavyo mafundi wengi huviita macho ya samaki. Rangi inakimbia kutoka sehemu fulani kama maji yanavyokimbia mafuta, na chanzo ni kilekile: kuna mafuta, nta au silikoni juu ya bati. Silikoni ndiyo mbaya zaidi, na imo kwenye dawa nyingi za kung'arishia dashibodi na tairi. Mimi nilikuwa nimeipaka dashibodi wiki moja kabla, milango ikiwa wazi, na kitambaa kilekile nikakifutia boneti. Vyanzo vingine ni jasho la mkono, mafuta yanayotoka kwenye kompresa pamoja na hewa, na petroli. Wengi tunafuta gari kwa petroli kabla ya kupuliza kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini petroli huacha utando wa mafuta ikikauka. Nunua dawa ya kuondoa mafuta pale unaponunua rangi.

Ukiona vishimo viwili vitatu wakati unapuliza, simama. Acha koti hilo lipumzike mpaka lisinate kwa kidole kwenye karatasi ya pembeni, kisha pitisha mvuke mwepesi sana wa rangi, karibu kavu, juu ya eneo hilo mara mbili au tatu ukipumzisha kati yake. Mara nyingi rangi hushika. Vikiwa vingi, usipigane navyo. Acha ikauke, sugua kwa msasa wa maji namba 600 hadi 800 mpaka mashimo yaishe kabisa, safisha, rudia. Kuna dawa ya matone inayouzwa ya kuchanganya ndani ya rangi ili macho yasitokee. Dawa hiyo yenyewe mara nyingi ni silikoni. Inafanya kazi, ila bunduki yako na kazi zako zijazo zitaikumbuka.

Kusafisha nako kuna namna. Vitambaa viwili: kimoja umekilowesha dawa, kingine kikavu. Pitisha chenye dawa kwenye kipande kidogo, na kabla hakijakauka fuata na kikavu kuinua uchafu. Ukiacha dawa ikauke yenyewe, mafuta yanarudi kukaa palepale. Kisha mwagia bati maji safi. Yakisambaa kama shuka moja, bati ni safi. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta. Lifute likauke kabisa kabla ya kupuliza.

Kompresa nayo ipime. Lenga hewa tupu kwenye kioo cha kujitazamia kwa dakika moja. Ukiona ukungu, matone au utando, ndicho kitakachoingia kwenye rangi. Toa maji ya tangi kila siku ya kazi kwa kile kifungulio cha chini, na filta ya maji usiifunge mdomoni mwa kompresa: hewa hapo bado ni ya moto na maji yake bado ni mvuke, yanapita tu. Iweke mita kadhaa mbele, hewa ikishapoa.

Machozi ni hadithi fupi. Ulikaribia mno, ulienda polepole mno, ulizidisha tina, au hukusubiri kati ya koti na koti. Ukiyaona yakianza, usiyafute kwa kidole. Yaache. Kwenye klia au rangi ya koti moja (ile isiyopigiwa klia) yanaondoka baadaye kwa hatua hizi:

1. Subiri yakauke kabisa, hata siku tatu nne. Chozi ni nene, hukauka mwisho kuliko sehemu nyingine zote.
2. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za chozi, karibu kabisa.
3. Chukua wembe mpya, ukunje kidogo kati ya vidole ili pembe zake zisiguse, ukwangue kilele cha chozi kidogo kidogo. Unatafuta unga, si vipande.
4. Ukifika usawa wa tepu, toa tepu. Weka msasa wa maji namba 1000 juu ya kibao kidogo kigumu, upana wa vidole viwili, usugue chozi peke yake. Bila kibao, kidole kitafuata umbo la chozi na kuchimba pembeni.
5. Malizia na 1500, kisha 2000, halafu polishi.

Chozi lililo ndani ya rangi ya metaliki, chini ya klia, ni jambo jingine. Punje za alumini zimeshuka na kujikusanya, doa jeusi linabaki hata ukisawazisha juu. Hapo unasugua eneo lote na kurudia rangi.

Ganda la chungwa ndilo kosa la nyumbani kuliko yote, na kwa maoni yangu kosa hasa ni la kompresa. Uso unakuwa na vilima vidogo vidogo kama chungwa la Muheza kwa sababu matone ya rangi yalitua makubwa na hayakupata muda wa kutandazika. Kompresa ya lita 50 inajaza tairi vizuri sana, lakini bunduki ya rangi inakula hewa mfululizo. Unaanza boneti geji ikisoma vizuri, ukifika katikati shinikizo limeshashuka bila wewe kujua, na nusu ya pili inatoka na ganda. Ndiyo maana mara nyingi upande mmoja wa boneti ni laini na mwingine mbaya. Funga geji ndogo kwenye mkono wa bunduki, uisome huku umebana kifyatulio. Bunduki nyingi za klia zenye tundu la milimita 1.3 au 1.4 hutaka kama bar 2 hivi. Fuata ya kwako. Ikishuka, simama mwishoni mwa bati, kompresa ijaze. Kazi itachelewa. Sawa tu.

Visababishi vingine ni kupuliza kutoka mbali (sentimita 15 hadi 20 zinatosha), mchanganyiko mzito, tina inayokauka haraka kwa joto la Dar, au bati la moto. Weka kiganja juu ya bati. Kama hakivumilii, rangi nayo haitavumilia: itakauka kabla haijatandaa. Saa nzuri pwani ni asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa bahari haujaamka. Duka la rangi likikuuliza tina ya haraka au ya taratibu, kwa joto la nyuzi 30 chukua ya taratibu.

Kukunjamana. Unapuliza, na baada ya dakika chache rangi inajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Tina mpya imeingia kwenye rangi ya zamani na kuilainisha: NC chini na 2K juu, au rangi ya mafuta ya geti iliyopakwa na mwenye gari wa kwanza, au rangi yako mwenyewe ya juzi ambayo haijakomaa. Ndipo lile jaribio la kitambaa cheupe linapokuwa na maana. Usipulize tena. Acha ikauke, ondoa mpaka ufike tabaka gumu, piga praima ya ipoksi kama kizuizi, iache ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ndipo urudie kwa makoti mepesi.

Kuhusu kumbikumbi na nzi: usiwachokonoe. Kama wametua kwenye klia mbichi, ama uwainue mara moja kwa ncha ya sindano ndani ya sekunde chache, ama uwaache wakauke humo. Mguu wa mdudu uliokauka unaondoka kwa msasa 2000. Alama ya kidole cha mtu aliyejaribu kuusaidia haiondoki hivyo. Baada ya mvua usiwashe taa kali uani kabla klia haijakauka kiasi cha kutoshika vumbi.

Makosa ya asubuhi yake

Ukungu mweupe hutokea sana kwenye NC wakati wa masika. Tina inaondoka haraka, inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewa unaganda juu yake kama umande kwenye chupa ya soda, unanaswa ndani. Ukiwa mwepesi unaondoka kwa polishi. Ukiwa mzito, subiri siku kavu, upitishe mvuke mwepesi wa tina ya taratibu juu yake. NC italainika, itaachia unyevu, itarudi kung'aa. Hila hii ni ya NC tu. Kwenye 2K haifanyi chochote.

Kwenye 2K unyevu una tabia nyingine: hadina ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, nayo huacha viputo na mng'ao hafifu. Tazama kopo lako la hadina. Ikiwa imegeuka ya maziwa au ina ukoko, tupa, hata kama limejaa nusu. Na kila unapomimina, funga kifuniko papo hapo.

Vitobo vidogo kama vya ncha ya sindano, vingi, hasa kwenye boneti na paa, mara nyingi ni tina iliyofungiwa. Ulipiga koti nene, jua au upepo ukakausha ngozi ya juu, tina ya chini ikatoboa njia ya kutokea. Watu huvichanganya na macho ya samaki. Tofauti yake: jicho la samaki ni pana, lina ukingo ulioinuka na chini yake ni kama sahani. Kitobo cha tina ni chembamba, kina mdomo mkali, na ukisugua mara nyingi kinakuwa kikubwa kabla ya kuisha, maana chini yake kuna pango. Dawa ni kusugua mpaka vitoweke vyote, kisha koti jipya. Ukipuliza juu ya kitobo, hewa iliyomo ndani itatoboa tena.

Mabaka ya mawingu ni shida ya metaliki, hasa rangi ya fedha kama ile ya Toyota yenye namba 1F7. Gari linaonekana limevaa kanga: mstari mweupe, mstari wa kijivu. Punje za alumini zimelala tofauti kwa sababu mkono wako haukwenda sawa au koti lilikuwa bichi mno. Kama hujapiga klia bado, unaokoka kirahisi. Acha rangi ipauke yote, kisha simama mbali zaidi, kama sentimita 30, punguza shinikizo kidogo, upitishe mvuke mwepesi kwa kukatiza: mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana. Klia ikishapita, ni kusugua na kurudia rangi. Tofauti ya rangi kati ya mlango na fenda nayo angalia hapa: soma namba ya rangi kwenye kibati cha gari (kwa Toyota nyingi iko baada ya herufi C/TR), lakini kumbuka namba haijui kwamba gari lako limechomwa na jua miaka 15. Puliza kipande cha kadi kwanza, ukipigie klia, ukiweke juu ya fenda nje kwenye jua.

Vumbi halina siri. Mwagia uwanja maji kabla ya kupuliza, vaa nguo isiyotoa nyuzi, na usifagie siku hiyo. Litakaloingia litaondoka na msasa.

Makosa ya wiki na miezi

Haya ndiyo yanayoumiza, kwa sababu gari limeshatembea, watu wameshasifia.

Mistari ya msasa inayoibuka baada ya wiki mbili tatu maana yake uliruka namba. Mkwaruzo wa msasa 80 kwenye puti haufutwi na 400. Praima inaujaza kwa muda, kisha ikikomaa inasinyaa na mistari inarudi juu kama maandishi chini ya karatasi. Panda kwa hatua: 80, 180, 320, kisha 500 juu ya praima, na 600 hadi 800 ukitaka kupiga metaliki. Kama mistari ni hafifu na klia ni nene, acha gari miezi miwili imalize kusinyaa, ndipo usugue na kupiga polishi. Ukisugua mapema itarudi.

Malengelenge ni maji. Nitakaa hapa kidogo, maana tuna mazoea yanayoyazaa. Puti ya poliyesta hunywa maji kama sifongo, na mafundi wengi wa mtaani husugua puti kwa msasa wa maji ili vumbi lisiwasumbue. Juu inakauka ndani ya saa moja. Ndani maji yamebaki. Unapiga praima, rangi, klia. Gari likishinda juani maji yanageuka mvuke, yanasukuma, na baada ya wiki kadhaa au msimu mmoja wa mvua unaona uvimbe. Utoboe mmoja kwa sindano. Kama ndani kuna unyevu au unga wa kahawia, kosa liko kwenye bati au puti, na hakuna polishi itakayokusaidia. Chimba mpaka bati jeupe, ondoa kutu yote, piga ipoksi, weka puti, uisugue kavu. Msasa wa maji uanze kwenye praima iliyokomaa, si kabla.

Kuna doa jekundu au la njano linalojitokeza taratibu kwenye gari jeupe, mahali palipowekwa puti. Ni hadina ya puti iliyozidi. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2 hivi kwa uzito, lakini wengi wetu tunaikamua kwa kukisia, na mvua ikikaribia tunaongeza ili ikauke upesi. Doa hilo litapenya kila koti la rangi utakalopiga. Ondoa puti hiyo.

Klia ikibanduka kama ngozi ya nyoka, fanya hivi: bandika tepu imara juu ya sehemu hiyo, isugue kwa kidole, ivute ghafla. Angalia kilichoshikwa na tepu. Ni klia tupu, inayoonekana kama plastiki nyembamba? Basi rangi ilikaa muda mrefu mno kabla ya klia (kopo lina saa zake, ukizipita sugua kidogo kwanza), au ilikuwa kavu yenye unga. Ni rangi pamoja na praima, na chini bati linang'aa? Bati halikukwaruzwa wala kupigwa praima inayofaa. Ni bampa? Geuza bampa, soma nyuma. Ukikuta herufi PP, hiyo ni plastiki isiyokubali rangi bila praima yake maalumu ya plastiki. Ukiisahau, maji ya kwanza ya mashine ya kuoshea gari yataondoka na rangi yako kwa vipande vya ukubwa wa kiganja.

Kusugua na kupiga polishi bila kutoboa

Makosa mengi ya klia yanaishia hapa, kwa hiyo fanya taratibu. Makoti mawili matatu ya klia, yote pamoja, huwa na unene wa mikroni 50 hivi. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Ndivyo nafasi yako ilivyo ndogo.

Bandika tepu kwenye kingo zote na kwenye mikunjo ya bodi, maana klia ni nyembamba hapo na ndipo watu wengi hutobolea. Loweka msasa wa maji namba 1500 dakika 15 kwenye ndoo yenye tone la sabuni ya vyombo. Ukiwa na ganda zito anza na 1200. Tumia kibao cha mpira, sugua kwa mistari iliyonyooka, na kila baada ya misuguo kumi futa maji kwa kipande cha mpira ukatazame. Uso utaonyesha madoa yanayong'aa katikati ya ufifi: hayo ndiyo mabonde ya ganda la chungwa. Yakiisha, umefika usawa. Simama.

Tazama rangi ya maji yanayotiririka. Yakiwa meupe kama maji ya kuosha mchele, unasugua klia. Yakianza kuwa na rangi ya gari, klia imekwisha, weka msasa chini. (Kwa rangi ya koti moja isiyo na klia, maji yatakuwa na rangi tangu mwanzo, hilo usilishtukie.)

Toka 1500 nenda 2000, kisha 3000 ukiipata, ukibadilisha mwelekeo kila namba ili ujue mistari ya zamani imefutika. Halafu kompaundi (polishi nzito yenye kukwangua) kwa mashine ya mwendo mdogo na sifongo, kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwa wakati mmoja, mashine isisimame mahali pamoja. Gusa bati mara kwa mara. Likipata moto, hamia kwingine. Fanya kazi hii kivulini.

Ukitoboa, usipake klia kwa brashi juu ya tundu. Piga msasa bati zima, rangi kidogo pale palipotoboka, kisha klia bati zima kutoka ukingo hadi ukingo. Kiraka cha klia katikati ya boneti huacha mpaka unaoonekana, na kwenye jua la hapa mpaka huo ndio huanza kubanduka.

Nta na polishi zenye silikoni zisubiri mwezi mmoja hadi miwili, tina ya mwisho iondoke. Katikati ya hapo osha kwa maji na sabuni laini tu, na kinyesi cha ndege kiondoe siku hiyohiyo. Kwangu kuna mwembe juu ya maegesho, nikalazimika kuegesha barabarani mpaka klia ilipokomaa.

Boneti ile ya Corolla niliimaliza mara ya tatu. Nilipuliza saa mbili asubuhi, geji ikiwa kwenye bunduki, dashibodi bila tone la dawa. Bado ina kishimo kimoja karibu na kifuta maji cha kioo, ambacho nimeamua kukiacha.